Kabla ya kupasua pua, uliza kitakachobaki

Mtu anayetaka kurekebishwa umbo la pua siku hizi hufika kwa daktari akiwa ameshasoma mengi kwenye simu. Ameona picha za kabla na baada, amesikiliza waliotoka kupasuliwa Istanbul na Tehran wakisimulia, na ameshajua kwamba kuna upasuaji wa njia ya wazi na kuna wa njia ya ndani. Kwa hiyo swali lake la kwanza huwa: daktari, utanipasua kwa njia ipi?

Ni swali la haki, ila halistahili kutangulia. Upasuaji wa kurembesha pua una umri wa zaidi ya miaka 130, na kumbukumbu zake zinaonyesha kwamba pua nyingi zilizoharibika hazikuharibikia pale kisu kilipoingilia. Ziliharibika kwa sababu ya vile vilivyokatwa na kutolewa ndani, pasipo kuachwa cha kuishikilia pua miaka ilivyozidi kwenda.

Kwetu Waafrika jambo hili lina uzito wa pekee. Mbinu za upasuaji huu kwa sehemu kubwa zilibuniwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya pua nyembamba zenye nundu. Pua nyingi za kwetu hazina nundu ya kupunguzwa. Anayezipasua kwa kanuni zilezile za kupunguza huziondolea kile ambacho tangu mwanzo zilikuwa nacho kidogo.

Pua imejengwaje

Gusa juu ya pua yako, kati ya macho, kisha teremsha kidole. Theluthi ya juu ni ngumu: hapo pana mifupa miwili midogo iliyokutana. Theluthi ya kati inabonyea kidogo: hapo pana magegedu mawili yaliyoshikana na ukuta wa kati. Theluthi ya chini inabonyea kabisa: hapo pana magegedu mengine mawili, yaliyojikunja kuzunguka kila tundu, na hayo ndiyo yanayoipa ncha umbo lake. Katikati ya yote umesimama ukuta unaotenganisha tundu la kulia na la kushoto. Mbele ni gegedu, nyuma ni mfupa. Ukuta huo ndio unaobeba mgongo wa pua.

Juu ya vyote hivyo imetanda ngozi. Katikati ya mgongo ngozi ni nyembamba, kwenye ncha ni nene na yenye mafuta. Unene huo hutofautiana sana baina ya mtu na mtu, na baadaye tutaona kwa nini daktari mzuri huushika na kuupima kwa vidole kabla ya kuahidi chochote.

Kazi ya pua ni kuipasha hewa joto, kuilowanisha na kuichuja kabla haijashuka kwenye mapafu. Zaidi ya nusu ya ukinzani wote ambao hewa hukutana nao njiani kuelekea mapafuni hutokea puani. Ndani ya theluthi ile ya kati, pale gegedu linapokutana na ukuta, pana upenyo mwembamba kuliko sehemu nyingine zote. Katika pua nyembamba za Kizungu, pembe ya upenyo huo ni nyuzi 10 hadi 15 tu. Ukipungua hata kidogo, mtu huhisi pua imeziba.

Jaribu hili sasa hivi. Weka vidole viwili shavuni kando ya pua, vuta ngozi taratibu kuelekea sikioni, kisha vuta pumzi kwa tundu la upande huo. Ikiwa hewa imepita vizuri zaidi kuliko kawaida, huenda upenyo wako ni mwembamba. Jaribio hili linaitwa kwa jina la Maurice Cottle, daktari wa Chicago, na madaktari wa masikio, pua na koo hulitumia mpaka leo. Halihitaji mashine wala fedha, na linafaa lifanywe kabla ya upasuaji wowote wa pua.

Njia ya ndani

Mwaka 1887, John Orlando Roe, daktari wa Rochester katika jimbo la New York, alichapisha maelezo ya jinsi ya kurekebisha pua fupi zilizobinuka kwa kupitia ndani ya matundu, bila kuacha kovu nje. Miaka 11 baadaye, Jacques Joseph wa Berlin alimpasua mtu ambaye pua yake kubwa ilimfanya aone haya kutoka mbele za watu. Joseph alikata ngozi kutoka nje. Kufikia 1904 naye alikuwa ameanza kupitia ndani, na hatua alizozipanga ndizo zilizofundishwa katika hospitali za Ulaya na Marekani kwa karibu karne nzima. Joseph alikuwa Myahudi, na miongoni mwa waliomwendea walikuwamo Wayahudi waliotaka tu kupita mtaani bila kunyooshewa kidole.

Mgonjwa hulazwa chali, mara nyingi kwa nusukaputi. Daktari humdunga puani ganzi iliyochanganywa na adrenalini ili mishipa ya damu isinyae, kisha husubiri dakika kadhaa hadi ngozi ipauke. Hukata ndani ya tundu, pale gegedu la chini linapokutana na la kati. Kwa mkasi mwembamba huitenganisha ngozi na vilivyo chini yake, akipanda hadi kwenye mfupa. Kuanzia hapo mkono hufanya kazi kuliko jicho. Kidole cha mkono mmoja hukaa juu ya ngozi, kikihisi kile ambacho tupa au patasi inafanya chini yake.

Nundu husuguliwa au kukatwa. Ikishatoka, mgongo wa pua hubaki na uwazi juu. Ili kuuziba, daktari hugonga patasi pembeni mwa pua, huku na huku, mifupa ikatike, kisha huisukuma kwa vidole ikutane katikati. Pua hufungwa kwa kifuniko kigumu kwa takriban wiki moja.

Faida za njia hii ni za kweli. Hakuna kovu nje. Ncha haivimbi sana kwa sababu ngozi yake haikufunuliwa yote. Mara nyingi kazi huisha mapema. Ubaya wake ni kwamba daktari haoni vizuri anachokifanya, na mwanafunzi aliyesimama kando yake huona kidogo zaidi. Ncha iliyopinda, au ambayo gegedu la kulia halilingani na la kushoto, ni vigumu kuisawazisha kwa kupapasa.

Kilichoonekana baada ya miaka

Wagonjwa wengi wa enzi hizo walitoka hospitalini na furaha. Tatizo lilijitokeza miaka kadhaa baadaye. Fikiria nyumba iliyoondolewa mhimili wa juu wa paa: pau za pande zote mbili zilizokuwa zimeuegemea huanza kuteremka kidogo kidogo. Ndivyo ilivyokuwa. Kuondoa nundu kulikata muungano wa ukuta wa kati na magegedu ya theluthi ya kati. Magegedu hayo yakaanguka ndani, kivuli chenye umbo la V iliyogeuzwa kikatokeza juu ya pua, na upenyo ule mwembamba ukabanwa. Mtu alikuwa na pua ndogo aliyoitamani, lakini usiku alilala mdomo wazi akitafuta hewa.

Kwenye ncha mambo yalikuwa hivyohivyo. Kupunguza magegedu ya ncha kulikuwa desturi. Yakipunguzwa kupita kiasi, pembe za matundu huvutwa juu au kunywea mtu anapovuta pumzi kwa nguvu.

Mwaka 1984 Jack Sheen, daktari wa California, alichapisha suluhisho ambalo limebaki hadi leo: kupachika vijiti viwili vya gegedu, kimoja kila upande, kati ya ukuta na magegedu ya theluthi ya kati, ili upenyo ubaki wazi. Gegedu hilo hutolewa kwenye ukuta wa pua ya mgonjwa mwenyewe. Hata hapo kuna mpaka: lazima ibaki fremu ya gegedu yenye upana wa angalau sentimita moja, juu na mbele, la sivyo pua nzima hubonyea. Fundisho kuu la upasuaji wa pua lilibadilika hapo. Swali la nitoe nini likafuatwa na swali la niache nini, na nijenge nini.

Njia ya wazi

Njia ya wazi ilikuwapo tangu zamani, lakini wengi waliikwepa wakihofia kovu. Aurel Réthi wa Budapest aliieleza mwaka 1934. Ante Šercer wa Zagreb akaiendeleza. Mwaka 1973 Wilfred Goodman wa Kanada aliitangaza upya, na katika miaka iliyofuata ikaenea Amerika ya Kaskazini kisha kwingineko.

Hapa mkato wa milimita chache hupigwa kwenye kinguzo cha ngozi kinachotenganisha matundu mawili. Haukatwi kwa mstari ulionyooka. Hukatwa kwa pembe, kama V ndogo au ngazi, kwa sababu kovu lililonyooka hujivuta na kuacha mbonyeo. Mkato huo huunganishwa na mikato mingine ndani ya matundu, kisha ngozi ya ncha na ya mgongo huinuliwa juu. Magegedu hutokea wazi, meupe yenye kung'aa, na mara nyingi hapo ndipo daktari anapogundua kwamba la kushoto limepinda kuliko alivyodhania.

Kwa kuwa anaona, anaweza kupima, kushona gegedu kwa uzi badala ya kulikata, na kupachika vipande mahali hasa anapotaka. Nyuzi za nje hutolewa baada ya siku tano hadi saba. Kovu kwa wengi hufifia hata mtu asiyejua halioni. Kwa upande mwingine, uvimbe wa ncha huchukua muda mrefu: mwaka mzima, na kwa ngozi nene hata zaidi. Mgonjwa asiyeambiwa hilo mapema huanza kulalamika mwezi wa tatu, akidhani upasuaji umeharibika.

Ipi bora? Tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili kwa kuridhika kwa wagonjwa na kwa upitaji wa hewa hazijampata mshindi wa wazi. Madaktari wengi wanakubaliana hivi: pua yenye nundu ndogo na ncha iliyolingana inatosha kufanyiwa njia ya ndani, lakini pua iliyopinda sana, iliyowahi kupasuliwa, au inayohitaji kujengwa kwa vipande vikubwa vya gegedu, ni heri ifunguliwe ionekane. Daktari anayeijua njia moja tu atakuambia hiyo ndiyo bora. Mwenye kuzijua zote mbili ataishika pua yako kwanza.

Kuhifadhi mgongo wa pua

Kuna mbinu ya tatu inayovuma sasa, nayo ni ya zamani kuliko inavyotangazwa. Mwaka 1899 daktari wa Boston, Joseph Goodale, aliishusha pua yenye nundu bila kuigusa nundu yenyewe. Cottle aliiendeleza katikati ya karne iliyopita. Yves Saban wa Ufaransa na Rollin Daniel wa California ni miongoni mwa walioirudisha mbele ya wenzao katika miaka ya karibuni.

Wazo lake ni hili. Badala ya kukata nundu kutoka juu, daktari hutoa ukanda mwembamba wa gegedu na mfupa kutoka chini, ndani ya ukuta wa kati, kisha huikata mifupa ya pembeni karibu na shavu. Mgongo wote hushuka ukiwa mzima. Muungano wa ukuta na magegedu haukatwi, kwa hiyo hakuna uwazi wa kuzibwa na hakuna V ya kuogopa. Wengine hukata mfupa kwa kifaa cha mawimbi ya sauti badala ya patasi, ili mkato uwe safi na nyama laini isichubuke.

Ni hatua njema, lakini nayo ina mipaka. Inafaa kwa pua iliyonyooka yenye nundu. Nundu isiposhuka ya kutosha, inaweza kurudi. Na kwa pua ambayo mgongo wake tayari uko chini, hakuna cha kushusha.

Pua ya Mwafrika

Hapa ndipo makala na video nyingi za mtandaoni zinapomwacha msomaji wa Kiswahili bila msaada. Si Waafrika wote wana pua ya aina moja: ya Msomali na ya Mmakonde hazifanani, wala ndugu wa tumbo moja hawafanani. Lakini wengi wetu tuna mgongo wa chini, matundu mapana, ngozi nene kwenye ncha, na magegedu ya ncha yaliyo laini na madogo. Gegedu la ukuta wa kati nalo mara nyingi ni kidogo.

Pua kama hii ikipunguzwa haiwi nyembamba. Ngozi nene haijikunji kufuata gegedu lililopungua. Badala yake hujaa kovu chini yake, na ncha huwa ya mviringo kuliko ilivyokuwa. Anayetaka ncha ionekane vizuri zaidi anahitaji kuongezewa gegedu chini ya ngozi hiyo, ili liisukume. Upasuaji wa aina hii, kwa sehemu kubwa, ni wa kujenga.

Vifaa vya kujengea vinavyotumika sana ni vya aina mbili. Cha kwanza ni mwili wa mgonjwa mwenyewe: gegedu la ukuta wa pua, la nyuma ya sikio, au la ubavu. Ubavu hutoa gegedu jingi, lakini unamwongezea mgonjwa kovu kifuani, maumivu ya siku kadhaa, na hatari ndogo ya kutobolewa utando wa pafu. Gegedu la ubavu pia linaweza kujipinda baada ya kupachikwa. Cha pili ni kipande cha silikoni, ambacho kimetumika sana Asia ya Mashariki. Ni rahisi kukiingiza na hakihitaji kidonda kingine, lakini ni kitu kigeni mwilini. Kinaweza kuingiwa na vijidudu, kusogea, au kutoboa ngozi ya ncha baada ya miaka.

Kupunguza upana wa matundu ni hatua nyingine. Robert Weir wa New York aliieleza mwaka 1892: kabari ndogo ya ngozi hukatwa pale pua inapokutana na shavu, na kovu hufichwa kwenye mkunjo. Hatua hii inaombwa sana, na inaharibiwa kirahisi. Ukikata kidogo, unaweza kuongeza kesho. Ukikata zaidi, tundu limebaki dogo, na kulirudisha ni kazi ngumu mno. Makovu ya kuumuka puani ni machache kuliko kifuani au kwenye sikio, lakini mwenye historia ya makovu hayo katika mwili wake au katika ukoo wake amwambie daktari mapema.

Jambo moja linapaswa kusemwa bila kuzunguka. Pua pana si kasoro. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, walionyesha kwamba upana wa matundu ya pua baina ya jamii za watu unaendana na joto na unyevu wa hewa ya walikotoka mababu zao. Pua nyembamba hufaa kuipasha hewa joto kule kwenye baridi na ukavu. Kwenye joto na unyevu, pua haikuhitaji kubanwa. Mtu mzima ana haki ya kubadilisha pua yake akitaka, wala si kazi yangu kumhukumu. Ninachokikataa ni daktari kumwambia binti wa Kitanzania au wa Kikongo kwamba pua ya mama yake ni ugonjwa unaohitaji kutibiwa.

Sindano zisizo na kisu

Wapo wanaouza njia wanayodai haina upasuaji: sindano ya kujaza mgongo wa pua kwa asidi ya hayaluroni. Mgonjwa huingia na kutoka siku hiyohiyo, na dawa huisha mwilini baada ya miezi. Kwa daktari aliyefunzwa, kwa mgonjwa anayefaa, inaweza kusaidia. Lakini sindano hii haiwezi kupunguza pua, inaongeza tu, na haifungui njia ya hewa.

Hatari yake kubwa haionekani kwenye matangazo. Mishipa ya damu ya pua imeungana na mshipa unaolisha jicho. Dawa ikiingia kwenye mshipa kwa bahati mbaya, inaweza kusukumwa hadi jichoni na kulipofusha, au kuua ngozi ya pua. Hatari hii haikuanza leo. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu wa Ulaya na Marekani walidungwa nta ya parafini ili kunyanyua pua zilizobonyea. Wakapata mavimbe yasiyoondoka, na wengine wakapoteza uwezo wa kuona. Yeyote anayetaka kukudunga saluni au nyumbani, bila dawa ya kuyeyusha asidi hiyo karibu na bila ujuzi wa kuitumia, mkimbie.

Pua zinazohitaji upasuaji kweli

Mazungumzo ya urembo yanatusahaulisha kwamba Afrika Mashariki ina pua nyingi ambazo upasuaji kwao si anasa. Kuna watoto waliozaliwa na mdomo wazi, ambao pua zao zimelalia upande mmoja kwa sababu gegedu la ncha halikupata pa kusimamia. Kuna waliochomwa moto. Kuna waliopigwa, na kuna walioanguka na bodaboda.

Tuchukue huyo wa bodaboda. Pua ikivunjika na kupinda, mtu mzima anaweza kurudishiwa mfupa mahali pake bila kupasuliwa ikiwa atafika hospitalini ndani ya takriban wiki mbili, kabla mfupa haujaunga. Lakini kuna hatari kubwa zaidi ambayo haisubiri wiki. Damu inaweza kuvilia ndani ya ukuta wa kati, kati ya gegedu na utando wake. Gegedu halina mishipa yake ya damu, hulishwa na utando huo. Likitenganishwa nalo, huanza kufa katika siku chache, na usaha ukiingia hufa haraka zaidi. Pua hubonyea katikati maisha yote. Dalili yake ni rahisi kuiona: baada ya kuumia, pua inaziba pande zote mbili, maumivu yanazidi, na ukitazama ndani kwa tochi unaona uvimbe laini mwekundu ukutani. Mtoto au mtu mzima mwenye dalili hizo apelekwe hospitali siku hiyohiyo akatolewe damu hiyo. Kazi hiyo ni ya muda mfupi, na inaokoa pua ambayo baadaye ingehitaji gegedu la ubavu kuijenga upya.

Ufundi huu na ukanda wetu vina historia ya pamoja. Flying Doctors wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, lilitokana na mawazo ya madaktari watatu wa upasuaji wa plastiki: Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees. Mazungumzo yao ya mwanzo yalifanyika kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Rees alirudi New York akawa mmoja wa madaktari mashuhuri wa urembo wa uso. Mikono iliyochonga pua za matajiri wa Manhattan ndiyo iliyosaidia kuwafikishia tabibu watu wa vijijini waliochomwa moto na waliozaliwa na midomo wazi. Leo Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, COSECSA, chenye makao yake Arusha, kinawafunza mabingwa wa upasuaji wa plastiki na wa masikio, pua na koo hapahapa.

Maswali ya kuuliza

Utakapoketi mbele ya daktari, uliza haya. Utatoa nini ndani ya pua yangu, na utaacha nini? Ni nini kitakachoishikilia ncha baada ya miaka kumi? Ukihitaji gegedu, utalitoa wapi? Umepima jinsi ninavyopumua? Nionyeshe picha za watu uliowapasua wenye pua na ngozi kama zangu, zilizopigwa baada ya mwaka, si baada ya wiki mbili. Nikihitaji kurudiwa, utanirudia wewe, na gharama itakuwaje? Swali hili la mwisho si la kumtilia shaka daktari, kwani makadirio ya kawaida ni kwamba kati ya wagonjwa 5 na 15 katika kila 100 hurudiwa upasuaji.

Kisha mweleze yako yote. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Sigara na shisha hupunguza damu kwenye ngozi na kuchelewesha kupona. Aspirini na baadhi ya dawa za asili huongeza utokaji wa damu. Mwenye selimundu anahitaji maandalizi ya pekee kabla ya nusukaputi. Na mtu ambaye kila akijitazama kwenye kioo anaona uso wote ni kosa, hata baada ya kutibiwa, anahitaji kwanza mshauri wa afya ya akili. Kisu hakitamtuliza.

Hakikisha daktari amesajiliwa. Tanzania Bara kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya kuna baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno. Kama unasafiri kwenda nje, uliza nani atakuhudumia ukirudi nyumbani na pua ikianza kutoa usaha wiki ya tatu.

Njia ya wazi, njia ya ndani, kushusha mgongo: zote zimewapa watu pua nzuri, na zote zimewaharibia wengine. Kinachoamua ni daktari aliyeitazama pua iliyo mbele yake, akaacha cha kuishikilia, akalinda njia ya hewa. Upasuaji uliokupa pua ya kupendeza kwenye picha huku ukikunyima pumzi umeshindwa. Usisaini fomu ya ridhaa kabla hujajibiwa maswali yako yote.